Makapi niliyoagiza yamwagwe juu ya kloro, na mke wangu aliyehamia mlimani

Wakuu, amahoro.

Mimi ni mzee wa Rumonge, kandokando ya Tanganyika upande wa Burundi. Siku zote huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimya. Leo naandika mwenyewe. Haya yalinipata mimi, sikusimuliwa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja.

Nianze na kazi yetu, ili wa mbali asipotee.

Huku tunakamua mawese. Chikichi zinachemshwa, zinapondwa, zinakamuliwa. Kinachobaki ni makapi, nyuzinyuzi zenye mafuta mafuta. Makapi hatutupi. Mafuta yakimwagika sakafuni unarusha makapi, yanayanywa, unafagia, kisha unayatia jikoni yawashe moto.

Mtoto wa Rumonge anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Kitu chochote kikimwagika, mkono unakwenda kwenye makapi wenyewe.

Sasa, ziwa lilipopanda likaingia nyumba za chini, na kipindupindu kikaja nyuma yake. Kamati ya mtaa ikaletewa ndoo kubwa za kloro, ule unga mweupe wa kusafishia maji. Wakatafuta mahali pakavu pa kuziweka. Stoo yangu ilikuwa kavu. Nikasema leteni kwangu. Kusema kweli nilijiona mtu mkubwa.

Kwenye ndoo kulikuwa na picha ya moto juu ya duara, na maandishi ya Kifaransa: isikae karibu na mafuta wala vitu vinavyoshika moto.

Nilisoma, wakuu. Nilifika sekondari, Kifaransa hakinishindi. Nikazipanga kando ya madumu ya mawese, kwa sababu kona nyingine zilikuwa na vitu vyangu na niliona uvivu kuvihamisha.

Mke wangu, Mama Zuhura, alilalamika siku ileile.

"Baba Zuhura, hiyo dawa yenu inanichoma pua."

"Hiyo ni harufu ya usafi. Wewe pua yako imezoea ndagala."

"Na wewe umezoewa na ndagala, ndiyo maana paka wote wa mtaa ni rafiki zako."

Ndagala ni dagaa wetu. Mama Zuhura alikuwa na mdomo huo, na sauti inayofika ziwani. Alikuwa akiniita chai kutoka uani, wavuvi wanaitika.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Nilikuwa navuta dumu, likagonga ndoo moja, ndoo ikaanguka na kifuniko kikapasuka. Unga ukatapakaa sakafuni.

Kijana wa mashine, Mapendo, Mkongomani wa upande wa Baraka, akapiga kelele: "Muzee! Ile dawa imemwangika yote!"

Nami nikajibu bila kufikiri: "Lete makapi."

Akaleta beseni zima. Tukamwaga, tukafagia unga na makapi pamoja, tukasukumia lundo pembeni. Nikajipangusa mikono nikaona kazi imekwisha.

Lundo likaanza kutoa moshi. Hakuna aliyewasha kiberiti. Likalia kama mafuta kwenye kikaango, kisha likawaka ghafla, moto mweupe mkali ambao sijauona kwenye jiko lolote.

Nikarusha magunia mabichi juu yake. Moto ukaendelea chini ya magunia, kana kwamba una pumzi yake mwenyewe. Nikamwagia maji ya birika. Hapo ndipo ilipotoka ile hewa ya kijani-njano, inayokata koo.

Kisha nikasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

Nilikumbuka kwamba moto ukikosa hewa unakufa. Tena nilikuwa naona aibu, majirani wangesema mzee kachoma dawa ya mtaa. Mama Zuhura alikuwa ameingia kunisaidia kuokoa madumu. Mimi nikakimbilia nje kutafuta maji, na nikiwa mlangoni nikamwambia: "Funga! Funga mlango na madirisha!"

Akafunga kwa komeo. Alikuwa ndani.

Alidhani nitarudi palepale. Mimi nilidhani atatoka kwa mlango wa nyuma, nikasahau kwamba mlango wa nyuma nimeuziba kwa ndoo zilezile.

Hewa ile ikamwangusha kabla hajalifungua komeo. Mapendo ndiye aliyeuvunja mlango kwa bega, akamtoa. Wanaume wa ufukweni wakashika ndoo, wakapokezana maji ya ziwa, wakamwaga kutoka mbali, mengi mno, mpaka moto ukashindwa.

Baadaye fundi wa maji alinieleza. Unga ule unaulisha moto hewa yake, kwa hiyo kuufunika hakusaidii. Maji kidogo yanaongeza sumu. Yanatakiwa mengi sana, tena ukiwa mbali, na upepo ukiwa mgongoni mwako. Na kitu chenye mafuta kisiuguse kabisa. Yote niliyofanya yalikuwa kinyume.

Mama Zuhura alipona, alhamdulillahi, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Moshi kidogo tu wa kuchemsha chikichi unambana. Na Rumonge bila moshi huo ni wapi? Binti yetu Zuhura akaja kumchukua, akampeleka kwake Bururi, milimani, kwenye hewa baridi.

Nilimfuata. Nikakaa nao kidogo, kisha yeye mwenyewe akaniambia nirudi, nyumba isikae bila mtu. Hakusema kwa hasira. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, wala kuitaja siku ile. Ningependa angenitukana.

Wakuu, nyumba bila sauti ni kitu kibaya. Asubuhi natengeneza chai, na bado nangoja kuitwa. Kigoda chake kiko uani palepale. Mvua ikinyesha naingiza, jua likitoka natoa. Kila gari la Bururi likipita nampelekea ndagala waliokaushwa vizuri, wasio na mchanga. Ananipigia: "Wamefika." Anakohoa. Tunaongea habari za wajukuu.

Jiko la mawese uani kwangu nimelibomoa. Chumba cha upande wa ziwa nimekipaka chokaa, upepo unaingia mchana kutwa. Sikuthubutu kumwambia ni cha nani.

Sasa juzi nilikwenda Minago kwa baiskeli. Mbele yangu mtu wa pikipiki aliyebeba ndoo ya kloro ya zahanati akateleza, akaanguka mbele ya kiwanja cha kukamulia mawese. Unga ukamwagika barabarani na kwenye mguu wake uliokuwa na tope.

Mama mmoja akatoka mbio na beseni. La nini? Makapi!

Nikatupa baiskeli. "Weka chini! Makapi hapana!"

"Eh, muzee, tangu lini wewe ni zimamoto?"

"Tangu niunguze nyumba yangu, mama. Weka chini."

Akaweka. Tukawaondoa watu, wakasimama upepo unakotokea. Vijana wakahamisha madumu ya mafuta bila kukanyaga unga. Mwenye pikipiki tulimwagia maji safi mguuni, tukaendelea kumwagia hata alipoanza kulalamika baridi. Mlinzi alikuwa anafunga milango ya kiwanja, nikamwambia: "Fungua! Fungueni yote, watu watoke!" Watu wa zahanati wakaja na glavu na barakoa, wakauzoa kwa koleo kavu na safi. Hakuna kilichowaka.

Habari huku zinakimbia. Jioni simu ikalia. Mama Zuhura.

"Nasikia uko Minago unapigia watu kelele."

"Kidogo tu."

"Wanasema ulisema fungueni."

Nikaisogeza simu karibu na sikio. Akakohoa.

Kisha akauliza: "Zuhura kaniambia kuna chumba unapaka chokaa. Kina madirisha?"

"Mawili. Yanatazama ziwa."

"Yanafunguka?"

"Yanafunguka yote, Mama Zuhura."

"Haya. Ngoja nimsaidie Zuhura jikoni." Akakata.

Hakusema anakuja. Nawaambia ulivyo ukweli wenyewe, msije mkanipongeza bure.

Funzo langu ni hili: mkono uliozoea kazi moja usiuache ukuamulie kazi usiyoijua. Kloro ikae mbali na mafuta na makapi. Ikimwagika au kuwaka, toa watu kwanza, halafu ndipo ufikirie vitu na aibu yako.

Mwenye ujuzi wa vifua naomba anijibu hapa chini: mtu aliyevuta hewa ile anaweza kuishi penye upepo wa ziwa, ikiwa majirani wanachemsha chikichi asubuhi? Nimwombe daktari gani ushauri kabla sijamwomba yeye arudi? Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma.

Leo nimezipaka mawese bawaba za madirisha yale. Hayalii tena. Nimeyaacha wazi.