Ngoja Mandazi Yapoe

Nakumbuka asubuhi moja pale Kabiro, Kawangware, miaka ya tisini, na mpaka leo nikiikumbuka hasira hunipanda. Mwanangu, hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, lakini juzi umeiamsha. Nilikusikia ukiwaambia wenzako vile umeonja vibiskuti vya rangi vya maduka matatu ya mjini: hivi vitamu, hivi takataka. Mkacheka. Je, hivyo vya takataka vilikuwa vimeokwa lini? Hukuuliza.

Nilikuwa kijana wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, nimeishia darasa la nane, na haya zilinijaa hata wenzangu wakaniita Bubu. Nilikaa kijiji cha Raila, Kibera, nikienda kazini Kabiro kwa miguu kila alfajiri. Niliandamana na jirani yangu, Mama Awino, aliyekaanga mandazi kabla hakujakucha na kuyabeba kichwani kwenye beseni. Tukifika mlimani nilimpokea beseni nikalibeba mimi. Mandazi yake yalikuwa mepesi, yenye iliki kidogo, na yalifika yamepoa. Hakuna aliyelalamika. Mjengo mzima ulinywa chai nayo, na watoto wake watatu walikula kwa beseni hilo.

Kisha Mama Shiro, muuzaji mwingine wa mandazi, akawasha jiko langoni mwa mjengo. Sina neno naye. Naye alitafuta riziki. Lakini nyapara wetu alitaka muuzaji mmoja tu, na akaifanya kazi ya kumchagua kuwa mchezo.

"Bubu hana upande," akasema. "Bubu, kuja uonje. Ukichagua, huyo ndiye atabaki."

Wenzangu wakapiga makofi. "Leo tutasikia sauti yake!"

"Chunga asimeze na kidole!"

Nikauma andazi la Mama Shiro, limetoka kwenye mafuta sasa hivi. Nikauma la Mama Awino, baridi. Mwanangu, andazi la moto halionyeshi ubaya wake. Hata unga mbovu hunukia ukiwa motoni. Hilo nililijua. Nilijua pia beseni lile limetoka wapi, maana shingo yangu ilikuwa bado inauma. Ningesema maneno matatu tu: ngojeni haya yapoe. Lakini macho yote yalikuwa kwangu. Nikamnyooshea kidole Mama Shiro ili mchezo uishe.

Mama Awino akalifunika beseni lake taratibu.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, jina alilowaita watoto wake, "huyo nyapara hajui mahali natoka. Wewe umenibebea. Kwa hivyo yeye simkasirikii. Nakukasirikia wewe."

Saa kumi jioni, mandazi ya Mama Shiro yaliyobaki yalikuwa yamekauka, mafuta yameganda juu. "Bubu, hii ni mandazi ama ni kokoto?" wakaniuliza walewale waliopiga makofi. Nilitamani kuwatupia!

Kesho yake nilimwendea nyapara nimwambie ukweli.

"Unasemaje?"

Nikamwambia nataka karai la kubebea mchanga.

Tangu siku hiyo Mama Awino alipitia upande wa Nyayo Highrise kutafuta wateja wapya, nami nikawa napanda mlima peke yangu, mikono mitupu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilimfungia mtu lango, basi.

Sasa nisikilize. Usipime kilicho moto na kilichopoa ukajiita hakimu. Uliza kimepikwa lini, kimebebwa na nani, kimetembea umbali gani. Ukihukumu chakula cha mtu, umeshika sufuria ya watoto wake. Na ukijua jambo ambalo wanaocheka hawalijui, liseme hapo hapo, hata sauti ikitetemeka, kwa sababu ukilala nalo, kesho utaomba karai. Rudi kwenye lile duka uliloliita takataka. Onja tena, halafu uwaambie wenzako ulichokikuta.

Mungu akupe shingo ya kubeba beseni la jirani, na akupe mdomo wa kulitetea likishafika.