Udongo wa Kupeleka Kartahena

Tarehe tisa Mei nilimpoteza mdogo wangu Masanja, na tarehe ishirini na tatu Juni nikaupoteza udongo niliotumwa kwenda kuumwaga juu ya kaburi lake. Lile la kwanza hakuna aliyeweza kulizuia. La pili nililifanya mwenyewe, asubuhi kweupe, mbele ya abiria waliopanga foleni, huku nimeshika suruali kwa mkono mmoja isianguke. Naona aibu kulisimulia, lakini kwa kuwa hapa mtaani kwetu Ngokolo, Shinyanga, kila mtu analisimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nilikamatwa na kilo mbili za dhahabu), afadhali niliseme mwenyewe kama lilivyokuwa.

Masanja alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Homa ilimkamata baharini, wakamshusha Kartahena, mji wa bandari huko Kolombia, kwenye bahari ya Karibi, akafia hospitali hukohuko na kuzikwa hukohuko. Sisi tulipata habari akiwa na siku nne chini ya ardhi. Tukaweka matanga bila maiti, na kama hujawahi kukaa matanga ya namna hiyo sijui nikueleze vipi, watu wanakuja, wanalia, halafu wanatazama huku na huku kama wanaotafuta pa kuelekezea macho.

Ndipo baba mdogo Shija, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, akasema kikaoni kwamba katika ukoo wetu mtu halali ugenini hivihivi, lazima apelekewe udongo wa kwao umwagwe juu yake, ajue kwamba hakutupwa.

"Wenye meli wametoa tiketi ya mtu mmoja," akasema. "Ataenda Baba Neema. Huyu hana maneno mengi, hatatuaibisha."

Baba Neema ndiye mimi.

Nikahangaikia pasi, wenye meli wakahangaikia viza, kisha nikaenda Mwanza kwenye ofisi ya tiketi kuuliza mtu anafikaje Kartahena. Dada wa tiketi alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Kulikuwa na njia ya Dar, Addis Ababa, halafu kuvuka bahari hadi Brazili, halafu Bogota, halafu Kartahena. Kulikuwa na ya Dar, Istanbuli, Bogota, Kartahena. Kulikuwa na nyingine ya kupitia Ulaya, yenye kulala uwanjani kwenye kiti. Mimi (darasa la saba, na ramani niliijulia ukutani) nikamuuliza kama siwezi kushukia Brazili nikamalizia kwa basi, maana kwenye ramani nchi hizo zimegusana.

"Baba, zimegusana kwenye msitu," akasema.

"Na meli? Mdogo wangu alikwenda kwa meli."

"Alikwenda kama mfanyakazi, baba. Meli ya mizigo haichukui abiria wa kawaida. Chukua ya Istanbuli, haina kubadilisha kwingi."

Nikachukua ya Istanbuli. Hakuniuliza nabeba nini, nami sikumwambia, maana sikuona kama udongo ni mzigo.

Sasa njoo kwenye uamuzi wenyewe, ambao ulikuwa mdogo kabisa. Kaburi la mama liko hapa mjini, lakini lina zege na vigae pande zote (Masanja mwenyewe ndiye aliyetuma vigae), na kuchota udongo pale ilibidi nivunje. Sikutaka kuvunja. Nikaona niende kuchota kwa baba, ambaye amelala kwenye mji wetu wa zamani kule Mwakitolyo, ambako tulilima pamba na mtama kabla wachimbaji wa dhahabu hawajaenea kila mahali. Kaburi lake ni la udongo mtupu na mawe machache. Nilipiga magoti miguuni pake, nikachota kwa kijiko, nikajaza kopo la maziwa ya unga, shangazi Kabula akalifunga kwa kipande cha kanga. Ule udongo ulikuwa mwekundu, na juani ulimetameta kidogo, lakini kule kila kitu kinametameta, hata vumbi kwenye mboga.

Siku ya safari nilivaa suti ya shemeji yangu, mtu mnene. Mkanda ndio ulioishika suruali, na kwenye ukaguzi, uwanja wa ndege wa Mwanza, wakaniambia nivue mkanda. Nikavua. Begi likapita kwenye mashine, likasimama, likarudishwa nyuma, likapitishwa tena, mlinzi akanyoosha mkono akatoa kopo.

"Mzee, humu mna nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kaburi."

Mlinzi akaliweka kopo mezani taratibu, akalifungua, akatazama.

"Kaburi la wapi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema Ngokolo, angesema Kolandoto, au angesema tu nyumbani. Mimi nikasema, "La Mwakitolyo."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu akacheka kwa pua. "Mzee kapakia duara zima la wachimbaji, shimo na dhahabu yake."

"Na msiba kausingizia," akasema mama mmoja mwenye mtandio wa zambarau. "Watu siku hizi hawaogopi."

Nilitaka kugeuka nimwambie kwamba msiba ni wa kweli, lakini kugeuka kulihitaji mikono yote miwili, na mmoja ulikuwa na kazi.

Wakanipeleka chumba cha pembeni, akaitwa afisa wa madini, kijana mpole, tena aliniamkia kabla ya kuniuliza lolote. Nikamweleza yote. Akasema, "Pole sana, baba. Nakuamini. Ila udongo wa Mwakitolyo siwezi kuupitisha kwa maneno, lazima niupime." Nikasema sawa. Hawakunikosea kwa lolote, walifanya kazi yao. Nilidhani atanusa, au ataweka kwenye kimashine. Akaagiza karai na ndoo ya maji.

Aliosha kama wanavyoosha wachimbaji, anazungusha karai, maji mekundu yanamwagika kwenye tundu la sakafuni, anaongeza mengine, anazungusha tena. Nilikuwa nimesimama pale namtazama baba yangu anakwenda na maji. Mwisho akaliinamisha karai dirishani na kuniita nione. Chini kulikuwa na mchanga mweusi kidogo, na kwenye ukingo wa mchanga ule, mstari wa njano mwembamba kama uzi.

"Hii ni dhahabu, baba."

Miaka yote ile tulilima hapo tukala mlo mmoja, na baba alikufa akiomba mbolea.

"Na udongo wenyewe?" nikauliza.

Akatazama lile tundu, halafu akanitazama mimi. Nadhani hakuwa amelifikiria hilo mpaka wakati ule. "Umekwenda, baba," akasema. "Nisamehe."

Akaandika maelezo kwamba kiasi ni kidogo mno na sina kosa, ila nirudi kesho yake kusaini kwa mkubwa wake. Wakati anaandika nikasikia ndege inaruka. Sikujua kama ni yangu. Ilikuwa yangu, na kwa kuwa niliikosa hiyo ya Dar, nikaikosa ya Istanbuli, ya Bogota na ya Kartahena, tiketi nzima ikafa. Dada wa tiketi aliniambia kwenye simu kwamba njia zote bado zipo, ila si kwa karatasi ile.

Kisha nikampigia baba mdogo. Mngekuwa nyinyi mngesubiri mpoe kwanza. Mimi sikusubiri.

"Baba mdogo, ndege imeniacha. Udongo wameuosha."

"Wameuosha wanatafuta nini?"

"Dhahabu."

"Wameipata?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama uzi."

"Ulichota upande gani wa kaburi?"

"Miguuni."

"Sawa, ng'wana wane, mwanangu. Usijilaumu. Lala hukohuko Mwanza, upumzike."

Upole ule ulinitoa machozi. Nilidhani angenifokea.

Kesho yake nikasaini, nikapanda basi hadi Shinyanga, nikamkuta mke wangu peke yake nyumbani. Akasema ukoo wote umekwenda Mwakitolyo tangu jana. Nikajua wamekwenda kumwomba baba radhi kwa ajili yangu, nikaona aibu kubaki, nikaunganisha safari kwenda huko hivyohivyo na ile suti ya shemeji.

Nilifika saa kumi jioni. Kitu cha kwanza nilichoona ni viroba vilivyojaa, vimepangwa safi kando ya kaburi. Cha pili ni baba mdogo Shija, na shati lilelile la kikaoni, yuko ndani ya shimo hadi kifuani, anapiga sululu. Shangazi Kabula na binamu zangu wawili walikuwa juu wanavuta udongo kwa kamba.

"Baba mdogo, shikamoo. Mnafanya nini?"

"Marahaba. Tunachota mwingine wa kumpelekea Masanja."

"Viroba vyote hivi?"

"Masanja alipendwa na wengi," akasema, wala hakuinua kichwa.

"Hili ni kaburi la baba."

"Kaburi liko kule," akasema shangazi. "Sisi tuko miguuni. Na wewe usisimame hapo na koti kama mgeni rasmi, shika kamba."

Wakati anasema hivyo kipande cha ukuta wa shimo kilimeguka, upande wa baba, na jiwe moja la kaburi likateremka nalo. Walilitazama wote. Baba mdogo akaliokota, akaliweka juu, akaendelea.

Nikakaa chini. Simu ikalia. Alikuwa Hamisi, mtu wa Tanga aliyefanya kazi meli moja na Masanja, aliyebaki Kartahena akisubiri meli nyingine, na ndiye angenipokea. Nilikuwa sijampigia. Kwake ilikuwa asubuhi. Alisema amewahi makaburini kung'oa majani ili nikifika nikute pasafi, akauliza kama nimeshavuka Istanbuli.

Nikamweleza kila kitu, mpaka lile karai. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, mbona hukuniuliza?" akasema. "Hata ungefika, hapa udongo wa nje hawauruhusu. Wangeuchukua mlangoni."

Nikavitazama vile viroba.

"Basi zungumza naye mwenyewe," akasema Hamisi. "Namwekea simu hapo juu yake."

Nikasikia simu ikigusa kitu, kisha upepo. Nilijaribu kulitaja jina la mdogo wangu na halikutoka. Mimi si mtu wa maneno. Nikaona afadhali azungumze na baba, nikaiweka simu yangu juu ya kaburi, kwenye udongo ambao ulikuwa haujaguswa, nikatoa mkono. Tukakaa hivyo, sijui kwa muda gani.

Halafu sauti ya Hamisi ikarudi, iko mbali kidogo.

"Kaka, nasikia kitu kinagonga. Ni nini hicho?"

"Ni sululu," nikamwambia. "Baba mdogo anachimba."