Jinsi Arvid Alivyoiombea Nordahl Shule

Ukitaka kumjua Arvid Tollefson, mpe kahawa. Atasema asante, ameshakunywa. Mpe tena, atasema usijisumbue. Mara ya tatu atasema haya, tone tu, kisha atamaliza birika. Hapa Nordahl, mji wetu mdogo wa kaskazini, sote tuko hivyo. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona mroho, na tunamsema mpaka kanisani.

Shule yetu ilipofungwa, watoto wakawa wanapelekwa kwa basi mji wa mbali, saa nzima kwenye theluji. Arvid, fundi matrekta mstaafu, aliapa kwamba mjukuu wake Britta hatalipanda basi lile. Akataka shule ya mkataba: ya umma, haina ada, ila tunaiendesha wenyewe, mradi ipatikane taasisi ya kuidhamini na kutoa fedha za kuanzia. Akajipachika uenyekiti wa kamati, akanunua tai, akaanza kutuita "wadau". Tulimvumilia.

Hatimaye taasisi moja ikamtuma Bibi Caputo, mtu wa New Jersey, mgeni wa desturi zetu. Tulimpokea katika ukumbi wa chini ya kanisa, viazi vya kuoka na nyama ya kusaga vikiwa mezani. Akapakua bila kubembelezwa. Tukatazamana.

"Bwana Tollefson, nimeridhika," akasema. "Tuko tayari kuwadhamini, na fedha za kuanzia tutatoa. Mnazitaka?"

"Aa, msijisumbue, mama," Arvid akasema, macho kwenye viatu vyake. "Wapo wenye shida kuliko sisi."

"Una hakika? Maana kuna mji mwingine nao unaomba."

"Basi wapeni hao kwanza. Sisi tutajikongoja tu."

Akangoja aulizwe mara ya tatu. Wajinga wakubwa sisi, nasi tukangoja naye. Bibi Caputo alimtazama kwa heshima nyingi, akasema hajapata kuona mtu asiye na tamaa namna ile, akampa mkono, akatoka.

Lorna, mkewe, akaweka kijiko chini. "We mzee, mfuate."

"Atarudi. Hata hajaaga vizuri."

Kwetu kuaga ni nusu saa mlangoni. Yule mama alishawasha gari.

"Nikimkimbilia nitaonekanaje?"

"Utaonekana una shule."

Hakwenda. Kesho yake alimwandikia barua ya kumshukuru kwa kututembelea, akamsifia hata koti. Habari ya fedha hakuigusa, eti si adabu. Shule ikafunguliwa mji ule mwingine. Mpaka leo Arvid anasema mama yule hakulelewa, na kauli hiyo inanichoma, kwa sababu wajukuu wangu nao wamo kwenye basi.

Asubuhi moja ya baridi kali, bado giza, nilimkuta kituoni na Britta.

"Babu, si walitaka kutupa shule?"

"Walitaka."

"Sasa mbona hawakutupa?"

Arvid akamfunga skafu, akaifungua, akaifunga upya.

"Hawakuuliza tena," akasema.

Mtoto akapanda basi.