Siku Tulipochomelea Bolti za Pikapu

Niliinua pikapu yangu kwa sababu ya kipande kimoja cha njia. Kutoka Dunga, ufukwe wa samaki wa Kisumu, hadi Katito ni lami, na hata Pap Onditi unafika ukiwa bado binadamu. Shida inaanza ukiiacha lami na kuingia masoko ya ndani, ambako mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika gari tumboni. Fundi akaniwekea springi ndefu, gari likapanda vidole vinne. Vinne vyake, kwa vyangu ni vitano, nilipima mara mbili.

Huko ndani kulikuwa na wanawake tisa, wachuuzi wa samaki, waliokuwa wakinitegemea: ngege kwenye barafu, omena wakavu kwenye magunia. Mkubwa wao, mwanamke wa sauti ndogo na macho ya mizani, alikuwa ameniambia wazi: “Mama, umechelewa mara mbili. Ya tatu tunapea mwenye lori.” Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anakuambia ni saa ngapi. Mimi sikuwa na kazi nyingine, wala gari lingine.

Kilichonichelewesha ni magurudumu ya mbele. Gari likishainuliwa hivyo, magurudumu hayasimami wima tena. Yanainama, na tairi linaliwa upande wa ndani, kama mtu anayekula hindi upande mmoja tu. Hunyooshwa kwa bolti nne zilizo chini, mbili kila upande. Kila bolti ina wosha ambayo tundu lake halikukaa katikati: ukiizungusha, gurudumu linasogea ndani au nje; ukikaza nati, unaomba litulie. Kwa gari la kawaida hutulia. Kwa langu, na kimo kile na mashimo yale, wosha ziliteleza kila safari.

Fundi wangu alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu aliyezaliwa Kisumu kwa bibi aliyetoka pwani, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko gari lolote alilowahi kuligusa. Kila akimaliza kupanga, alipaka mstari wa rangi nyeupe kupitia wosha na chuma kilichoishika, ili tujue kama imesogea. Nikifika Katito nilitandika leso chini, nikalala, nikaangalia. Nusu ya mstari hapa, nusu kule.

“Fundi, alama yako imehama.”

“Alama haihami, Mama. Umeipeleka wapi?”

“Katito tu, na nimeirudisha.”

“Basi imependa Katito.”

Kuna vipande vya chuma vinavyouzwa kwa kazi hiyo, vyenye tundu lisiloruhusu mchezo. Unavifunga mahali pa wosha, na bolti haina tena pa kutelezea. Tuliagiza. Vilivyokuja vilikuwa vya gari la miaka mingine, bolti zangu hazikuingia. Nilivirudisha, na vingine havikuja.

Ndipo niliposema tuchomelee.

Fundi aliweka spana chini. “Nikichomelea, hakuna kupanga tena.”

“Sitaki kupanga tena. Nimepanga mpaka nimechoka.”

“Basi tulipime likiwa na mzigo. Barafu ikikaa nyuma, pua ya gari inainuka, na magurudumu yanabadilika. Njoo kesho asubuhi na mzigo wako.”

Kesho asubuhi ilikuwa safari, na samaki hawawezi kukaa gereji wakiangalia barafu ikiyeyuka. Nikaanza kumshusha vile ninavyomshusha bei mtu wa vitunguu. Kesho ikawa leo alasiri, leo alasiri ikawa sasa hivi. Kuhusu mzigo, nilimpa wanaume. Gereji yoyote ya Kisumu ina wanaume wanaosubiri kitu wasichokitaja, na ni kawaida kuwapandisha gari linapopimwa. Niliwaita, wakaketi nyuma. Nikawahesabu, sita. Nikawahesabu tena, sita.

“Hawa wepesi,” fundi akasema.

“Yawa, mzee! Huyu ameoa wawili, utamwitaje mwepesi?” mmoja wao akadakia, akimpiga mwenzake begani.

“Ndiyo maana amekonda.”

Walicheka mpaka gari likatikisika. Tulivuta uzi wa kuvulia kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Fundi akapima, akapima tena, nikapima na mimi. Kisha akawasha mashine, cheche zikaruka, bolti nne zikawa kitu kimoja na fremu. Nilisikia raha ya mtu aliyeshinda. Sikuwa nimefikiria kwamba wale sita, hata na mwenye wake wawili, hawakufika nusu ya uzito wa barafu na samaki.

Asubuhi, kabla hata ya kutoka mjini, usukani ulikuwa ukinivuta kushoto. Katito nilitandika leso. Kwa mara ya kwanza mstari mweupe ulikuwa mzima, haukusogea hata unywele. Magurudumu yalikuwa yameinama kuliko zamani, na yamefungwa papo hapo.

“Kata,” nilimwambia fundi niliporudi.

Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka, hakuniangalia. “Kishikio cha fremu kimeingia ufa karibu na pale nilipochomelea. Nikikata, kinatoka chote.”

“Kwa hivyo?”

“Endesha polepole.”

“Mpaka lini?”

“Hilo, Mama, uliza tairi.”

Niliendesha hivyo wiki kadhaa, nikivuta usukani kulia mpaka bega likavimba. Nilihamisha tairi za nyuma mbele, za kushoto kulia, nikanunua za mitumba, zikaliwa vilevile. Nyuzi za ndani ya tairi zilipoanza kuonekana, niliacha kutandika leso. Hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Tairi lilipasuka saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, mbele kidogo ya pale lami inapoishia. La akiba lilikuwa limeshaliwa zamani. Niliwapigia simu wachuuzi. Mpaka mkubwa wao akafika na wenzake wawili na mkokoteni wa punda, jua lilikuwa utosini, ingawa hatukuliona. Hakunisalimia kwanza. Aliinua kifuniko cha sanduku la barafu, akabonyeza ngege mmoja kwa kidole, shimo la kidole likabaki.

“Barafu imeisha.”

“Imeisha.”

“Ya tatu hii, Mama.”

“Ni ya tatu.”

Wenzake wakaanza kuhamisha magunia ya omena, yaliyokuwa bado salama. Yeye akanipa mwavuli wake nimshikie, simu isilowe, akampigia mwenye lori. Alimweleza njia vizuri: pa kukunja, pa kupunguza mwendo, pa kuogopa. Alipokosea daraja, nilimsahihisha.