Alikuwepo, Nikamwandika Hayupo

Ipo siku moja kule Arlington, ughaibuni, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka najikasirikia. Nilikuwa kijana, nimepewa darasa la watu wazima waliotaka kuwa wasaidizi wa wauguzi. Nusu ya masomo ilikuwa darasani na nusu kwenye kompyuta, jambo geni miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Nami kichwa kilikuwa kimenivimba.

Siku ya kwanza hata sikuwasalimu vizuri. Niliwaambia kila mtu ajitambulishe kwa kuandika kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Watu ishirini ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyemsemesha jirani yake! Nikaona huo ndio usasa. Upuuzi mtupu.

Kiti cha mbele alikaa Mama Furaha, Mkongomani aliyeishi Haltom City, mji wa jirani, aliyekuwa mkunga miaka mingi katika kambi ya wakimbizi. Hakuwahi kugusa kompyuta. Akaniambia, "Mwalimu, miye niko hapa, uniandike." Nikamjibu kwamba mashine ndiyo inayoandika. Basi jina lake likaingia kwa wasiohudhuria, na kanuni yetu ilikuwa kwamba ukikosa siku ya kwanza, kiti chako anapewa mwingine.

Mama Atieno, muuguzi mzee aliyesimamia kozi, akaniita.

"Huyu mama alikaa wapi?"

"Mbele yangu."

"Na mbona anaonekana hakuja?"

"Ni kompyuta, Mama."

"Ati kompyuta? Kwani ni kompyuta tuliajiri? Mtu ametoka kazini na uchovu wake, amekuja kwako, unamfukuza akiwa amekaa! Huna haya wewe?"

Nilikwenda Haltom City kumwomba radhi, na kumsihi arudi darasani. Mama Furaha alinisikiliza mlangoni hadi mwisho. Alikuwa ameshachukua zamu nyingine kwenye ghala alikofanya kazi, saa zilezile za darasa.

"Masaa tatu nilikaa pale," alisema, "na jina yangu haukuniuliza."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu.

Sasa nasikia nawe unaanza kufundisha Jumatatu, na siku nzima umeipanga kwenye skrini. Usinitie hasira! Nyota njema huonekana asubuhi. Waulize majina kwa mdomo. Waketi wawili wawili, anayeijua kompyuta na asiyeijua, waifungue pamoja, wabishane, wacheke. Wewe zunguka, inama, uone wanapokwama. Kompyuta wataikuta hata nyumbani, ila wewe hawatakukuta huko.

Mungu akupe macho ya kumwona aliyeketi mbele yako, na akupe ulimi wa kumwita kwa jina lake.