Sauti ya Mama na Matangazo ya Kompyuta

Nyie tuliokua pamoja bondeni kule Chumbi, najua hamjasahau msimu wa kuamia ndege, kuwalinda wasile mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba nzima inahamia shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe pori wasitufikie. Shule tuliisikia kwa mbali tu. Tulitafuna pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kupondwa, mpaka mataya yakauma, na mikono yetu ilinuka tope kwa kufinyanga madongo ya kombeo. Mwambie kijana wa leo kwamba utotoni kazi yako ilikuwa kuwapigia ndege kelele kutwa nzima. Atakutazama, atacheka, kisha atarudi kwenye simu yake.

Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tulijiona hodari wa kelele. Tukiwafukuza huku, wanatua kule. Tukikimbilia kule, wamesharudi huku. Jioni sauti zimekauka na mpunga umeliwa. Siku moja mama alitutazama tunavyohangaika, akacheka weee, halafu akasema, "Ndege hafukuzwi anapokula, wanangu. Anafukuzwa anapolala." Akatupeleka kwenye matete kando ya bwawa, tukayafyeka pamoja na viota vyake. Msimu ule tulivuna.

Mama ametutoka mwaka huu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanaidi ameolewa visiwani, kule delta, mto unapoingia baharini. Siku ya msiba maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa, boti ikakwama kwenye tope la mikoko, akafika tumeshazika. Hakulia. Alikaa mkekani siku zote za matanga, macho makavu, hadi watu wakaanza kunong'ona. Alipokaribia kurudi kwa mumewe akaniuliza, "Dada, si uliwahi kumrekodi mama?"

Kweli nilimrekodi, akisimulia hadithi alizokuwa akituhadithia dunguni. Simu yenyewe ilishakufa, ila sauti niliihamishia kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Kibiti. Mwanaidi ana kitochi tu, kile kisimu cha vibonyezo, kwa hiyo ilibidi asikilizie palepale dukani, kabla gari halijampeleka kwenye boti. Nikafunga mlango wa duka, tukakaa bega kwa bega.

Mama akaanza, "Haya, kaeni vizuri, asinisukume mtu." Mara kidirisha cha tangazo kikachomoza kwenye kioo na muziki wa kupasua masikio: hongera, umeshinda, bonyeza hapa. Nikakifunga. Mama akasema maneno mawili matatu, kikaja cha dawa ya kupunguza tumbo. Nikakifunga. Kikaja cha kubeti. Nikakata intaneti, vikaja vilevile vilivyokwisha kujihifadhi humo ndani. Mwanaidi aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Basi dada, acha. Labda sikuandikiwa." Jamani, neno lile liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Hapo ndipo nikajiona mjinga. Mtoto wa dungu mzima, nafukuza ndege wanapokula. Mwezi mzima nilikuwa nafunga vidirisha kimoja kimoja, sijajiuliza vinalala wapi. Nikafungua pale kompyuta inapoonyesha huduma zinazofanya kazi chinichini, zile ambazo hazionekani kwenye kioo. Nikakikuta: kiprogramu cha kushushia miziki ya bure, alichokiweka mwanangu bila kuniambia. Kialama chake cha kubonyeza pale kwenye kioo nilikuwa nimeshakifuta siku nyingi nikadhani nimemaliza kazi, kumbe huduma yake ilibaki inaamka kila nikiwasha. Nikaisimamisha, nikaizuia isijiwashe yenyewe tena, nikaking'oa kiprogramu chote, kisha nikazima kompyuta na kuiwasha upya.

Kimya. Mama akasimulia, hakuna aliyemkatiza. Tulisikia kikohozi chake, tulisikia anavyovuta pumzi kabla ya kumuigiza fisi. Mwanaidi akaniegemea begani, akalia kilio chote alichokiweka tangu mazishini. Nami nikalia naye, sikumbembeleza. Hadithi ikaisha, mama akasema, "Zima hilo lisimu lako, nimechoka mie." Kisha hakuna kitu.

Mwanaidi akasubiri. Akaniuliza, "Ndiyo basi, dada?"

Nikamjibu, "Ndiyo basi, mdogo wangu."

Enzi zile juu ya dungu hatukuwahi kufika mwisho wa hadithi ya mama. Usingizi ulitubeba katikati, na jioni ya pili tulimlilia aanze tena, naye akaanza. Hata vile vidirisha, kwa uchokozi wao wote, vilikuwa vinatukatiza kabla hajamaliza. Leo kompyuta imetulia kabisa, kila neno linasikika, na mwisho tumeujua.