Mahari au Mahali

Pale Runazi senta watu wanamfahamu Adventina kwa mambo mawili, cherehani yake na ukali wake wa kwenye simu. Ana kibanda cha ushonaji jirani na duka la pembejeo, na ndiye admini wa grupu la WhatsApp la majirani. Hakugombea cheo hicho. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anatoli, ndiye aliyelianzisha grupu, halafu akagundua kwamba kulisimamia ni kazi ya kichaa. Akamtwika Adventina kwa kuwa amemaliza kidato cha nne na haoni haya kumkanya mtu mzima. Mwenyewe akabaki admini wa pili, wa kusoma tu na kunyamaza.

Kazi yenyewe aliizoea. Mguu unakanyaga cherehani, kidole gumba kinafuta upuuzi. Mbuzi aliyepotea anabaki, tangazo la msiba linabaki, picha za uchi na siasa za kutafutiana ubaya zinaondoka pamoja na aliyezituma. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyetaka kuipokea kazi ile kutoka mikononi mwake.

Kanuni aliyojivunia kuliko zote aliitunga yeye. Huku Kiswahili ni cha shule, soko na ofisi. Nyumbani kila mtu ana lugha ya mama yake. Ndiyo maana r na l zinabadilishana viti zitakavyo. Mmoja ataandika "nimerara", mwingine "habali za asubuhi", na maisha yanaendelea. Zamani kilikuwa kicheko tu. Mpaka siku mama Niyokwizera alipoandika kwamba maharage yake "yamerara nje", na mpuuzi mmoja akamjibu arudi kwao Burundi akajifunze kusema. Mama yule amezaliwa Runazi, na wanawe wamezaliwa Runazi. Jioni ile vijana walikuwa wanatafutana na fimbo. Tangu hapo Adventina akaweka sheria: anayecheka r na l za mwenzake anatolewa wiki nzima, hata awe nani. Fimbo zikarudi nyumbani. Akaipenda kanuni yake kupita kiasi, akawa anaitumia bila hata kusoma vizuri.

Jumatatu ya wiki hiyo Manirakiza, mkulima wa mihogo na mwimbaji wa kwaya, mtu mpole asiyeandika mara nyingi, alituma ujumbe: "Namshukuru Mungu. Binti yetu Diana amepata mahari Kabanga. Jumamosi anaondoka. Tumuombee."

Adventina alisoma, na kwa mazoea akairekebisha r ile kichwani. Diana alikuwa kidato cha pili, msichana wa hesabu. Kumbe amepata mahali, labda shule ya bweni. Akafurahi kweli kweli, akaandika hongera yeye wa kwanza. Hongera nyingine zikamiminika kutoka kwa Warundi, Wasubi, Wahaya na Wasukuma, wote kwa sauti moja, jambo lisilotokea kila siku kwenye grupu lile.

Ndipo Ndassa, kijana wa bodaboda, akaandika: "Mahari au mahali? Diana si bado anasoma?"

Hakuweka hata kikatuni kimoja cha kucheka, na yeye mwenyewe ndiye yule wa kuandika "halusi" kila Jumamosi ya sherehe. Mtu mwenye utulivu angejiuliza. Adventina aliona maneno matatu ya mwanzo tu, damu ikampanda, akamtoa kwanza, ndipo akalifuta swali lake. Akawakumbusha majirani kanuni. Manirakiza akatuma viganja viwili vilivyofumbatana, na mzee Anatoli, ambaye haandiki kamwe, akaandika: "Safi sana admini." Adventina akavimba kichwa. Hapo angepaswa kushtuka, na hakushtuka.

Siku ya pili yake Selestina, mama yake Diana, alikuja kibandani na binti yake na kitambaa cheupe cha lesi. Alitaka gauni refu la heshima, liwe tayari Ijumaa. Adventina akauliza ni shule ipi hiyo inayopokea wanafunzi kwa lesi. Selestina akajibu kwamba ni kwa watu wazuri, wana nyumba kubwa na gari, kisha akaanza kuzungumzia bei ya vifungo. Adventina akapitisha futi kiunoni mwa Diana, akasikia mwili wa mtoto unatetemeka. Alidhani ni homa. Akamwambia mama yake ampeleke zahanati akapime malaria.

Selestina alipotoka kununua uzi duka la pili, Diana akamwita Adventina kwa jina la mwanawe, akaongea bila kumtazama.

"Mama Alfonce, Ndassa umemrudisha kwenye grupu?"

"Bado. Wiki yake haijaisha. Kwani vipi?"

"Basi," akasema Diana.

Mama yake aliporudi alimkuta amesimama palepale, mikono imenyooka kama bado anapimwa.

Neno lile, basi, lilimkaa Adventina rohoni. Alipokata kitambaa mkasi ulikwenda upande. Alhamisi jioni, kabla ya kufunga kibanda, akafungua grupu ausome tena ujumbe wa Manirakiza. Akakuta mwenyewe ameshaufuta. Zimebaki hongera tu, akaanza kuzisoma moja moja. Eustakia wa gengeni alikuwa ameandika kwamba sasa mmepata ndugu. Mwingine alisema mmelea vizuri, mmeheshimiwa. Mwingine kwamba tumepata pa kufikia tukienda mpakani. Jumatatu yote hayo aliyaona maneno ya wema. Sasa akayaelewa. Hakuna jirani aliyesoma "mahali". Wote walisoma kilichoandikwa, wakakielewa, wakashangilia. Aliyekosea ni yeye peke yake, na aliyeuliza alikuwa amemtoa.

Akamwogopea Diana wa Jumamosi, mtoto wa kidato cha pili kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Akaandika hadharani, bila kuzunguka: "Mzee Manirakiza, shikamoo. Diana anakwenda shule au anaolewa?"

Akasubiri. Walisoma; aliona majina yao yakiongezeka chini ya ujumbe, watu aliowashonea sare za watoto na magauni ya ubatizo. Hakuna aliyejibu. Halafu mzee Anatoli akaandika kwamba mambo ya familia za watu hayajadiliwi humu, na kanuni ni kanuni. Mstari uliofuata uliandikwa na simu yenyewe, kwamba Adventina ameondolewa.

Ijumaa alifungua kibanda, senta ikawa imebadilika. Watu walimsalimia kwa mbali, wengine wakapita upande wa pili wa barabara. Kwandu, mteja wake wa miaka, alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akisema ameahirisha. Kuhusu lesi, hakuna aliyekuja kuiulizia, na hilo lilimtisha kuliko yote. Lilikuwa gauni la leo, limekamilika nusu, na mwenye haja nalo hana haraka tena.

Akapiga simu dawati la jinsia. Askari wa kike alimsikiliza vizuri, akataka jina la mtoto, shule, jina la muoaji, na kama kuna chochote kilichoandikwa. Adventina akasema kilikuwepo, kimefutwa. Askari akamwomba atafute mtu mwenye nakala, kwa sababu wazazi wakiulizwa watasema mtoto amekwenda kumsalimia shangazi.

Mtu mwenye nakala. Adventina alikaa na simu mkononi mpaka akili ikamjia. Ndassa alitolewa Jumatatu ileile, kabla Manirakiza hajafuta. Ukishatolewa, kufuta kwa wenzako hakukufikii. Simu ya Ndassa ilikuwa bado Jumatatu.

Alimkuta kijiweni anafuta vumbi kwenye tangi la pikipiki. Hakumkaribisha. Adventina akameza kiburi chote cha uadmini na kumwomba radhi mbele ya wenzake, kisha akamwambia anachotafuta. Ndassa akatoa simu, akafungua, akampa. Ujumbe ulikuwepo, na mahari yake, na hapo chini swali la Ndassa ambalo kwa mara ya kwanza Adventina alilisoma mpaka mwisho.

"Sasa mbona hukuja kuniambia?" akamuuliza. "Siku zote hizi, Ndassa."

"Nije kwako? Niliuliza mbele ya watu wote, ukanitoa papo hapo. Nikajua na wewe umo."

Ndassa aliendelea kuongea akiangalia tangi.

"Diana alinipigia usiku uleule ulionitoa, kwa simu ya mama yake. Alitaka kukimbilia kwako, anasema wewe humwogopi mtu. Nikamkataza. Nikamwambia asikuamini mpaka aone umenirudisha."

Adventina akaupiga picha ujumbe kwenye simu ya Ndassa, akamtumia askari. Akasema waende nyumbani kwa Manirakiza sasa hivi, kesho ndiyo Jumamosi, bado wanawahi.

"Hawakungoja Jumamosi," akasema Ndassa. "Ulipouliza jana, wakaogopa. Gari limepita hapa alfajiri kuelekea Ngara, njia ya Kabanga. Alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya watu wawili."

Simu ya Adventina ikaita. Askari alikuwa amepata picha, anashukuru. Adventina akamweleza habari za gari la alfajiri, na askari akauliza ni gari la aina gani.